Ndege wa Eda

Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa forodha ya Maskati mwanzoni mwa mwaka 1968 lilikuwa na mistari minne, na kila mstari ulikuwa mzito kama jiwe la msingi. Lilisema kwamba kila kifurushi kiingiacho na kitokacho kitafunguliwa na kutazamwa chote, ndani na nje. Kwamba jambo hilo linafanywa kwa ajili ya kuwalinda watu na mali zao. Kwamba hakuna atakayependelewa wala atakayeonewa. Na kwamba mwenye kifurushi asiwe na wasiwasi, kwani hakuna kitu kilichopita katika mikono ya wakaguzi kikapotea. Chini yake palikuwa na muhuri. Pembeni mtu alikuwa amejaribia kalamu yake kuona kama inatoa wino, lakini hiyo haikuwa sehemu ya tangazo.

Aliyelinakili kwa mwandiko mzuri alikuwa Harub bin Amur, karani wa forodha, naye aliliamini kila neno. Hilo si jambo la kawaida, hata kwa wanaoyaandika matangazo wenyewe. Harub alitoka Unguja akiwa kijana, mwaka 1951, akapata kazi Maskati kwa kuwa alijua Kiarabu cha ofisini na Kiingereza cha barua. Alikuwa na nyumba ya udongo Wadi Kabir, nje ya ukuta wa mji, yenye kiwanja nyuma: kisima kimoja, mindimu miwili, mkomamanga, na safu ya mishubiri iliyoota bila kuombwa. Humo aliishi na mkewe, Kheiria. Tangu mwaka 1964 aliishi humo pia dada yake, Nasriya, na mtoto wa dada yake, Shaikha.

Nasriya alifika Maskati na vitu vitatu: mtoto wa miaka miwili, bunda la nguo, na kamera. Kamera ilikuwa ya mumewe, Sleyum, karani wa idara ya ujenzi Unguja, ambaye Jumapili ile ya Januari, siku ya mapinduzi, alitoka asubuhi kwenda kutafuta maziwa ya mtoto na hakurudi. Hakuna aliyemwona akikamatwa. Hakuna aliyemwona akiuawa. Hata birika ya maziwa aliyotoka nayo haikuonekana. Nyumba yao ya Mazizini ilipekuliwa mara mbili, na waliopekua walichukua redio, cherehani na albamu ya picha, labda kwa ajili ya jalada lake la mahameli. Kamera ilisalimika kwa kuwa Nasriya aliificha chini ya nepi chafu, mahali ambapo hata mapinduzi huona kinyaa kutia mkono.

Sleyum alikuwa na wazimu mmoja tu, na ulikuwa wa heshima. Alipenda kuwapiga picha chozi, wale ndege wadogo weusi wanaong'aa rangi ya wino wakipigwa na jua, wenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, ambao hunyonya maua na hawatulii mahali pamoja hata kwa muda wa kupiga chafya. Kila siku ya mapumziko alijibanza bustanini, magoti yamejaa udongo, na jioni aliingia ndani na furaha ya mtu aliyewakosa ndege ishirini. Picha zake zote zilikuwa za chozi. Yeye mwenyewe hakuwamo, maana mpiga picha ndiye mtu pekee asiyeonekana katika picha zake. Za harusi zilikwenda na albamu.

Mwezi mmoja kabla ya kupotea alitia filamu mpya, ya picha kumi na mbili. Akapiga nne za chozi. Ya tano akampa Nasriya kamera, akamwonyesha pa kubonyeza, akaenda kusimama ukutani na Shaikha mkononi.

"Usitikisike," alimwambia. "Vuta pumzi, ishike, kisha bonyeza. Na usije ukaifungua nyuma, bibi we. Filamu ambayo haijaoshwa ikiona jua nukta moja tu, imekwenda, na wote waliomo wamekwenda nayo."

Nasriya akabonyeza. Sleyum akaisogeza filamu mpaka namba sita, kama desturi yake, ikae tayari. Namba hiyo ilionekana nyuma ya kamera katika kidirisha chekundu, na ilikuwa sita bado siku kamera ilipoteremshwa Maskati.

Basi mambo yalisimama hapo. Uso wa Sleyum ulikuwa umebaki mahali pamoja duniani, katika filamu ambayo haijaoshwa, na mwanawe alikuwa mdogo mno kuukumbuka. Nasriya aliapa kwamba Shaikha atamwona baba yake japo kwenye karatasi.

Mtu angeuliza kwa nini hakuipeleka ikaoshwa mara moja. Maskati ya siku hizo haikuwa na mtu wa kuosha filamu. Ilibidi ivuke kwa meli hadi Bombay. Tena Sleyum alikuwa na sharia: filamu haitolewi mpaka iishe, na kuitoa kabla ni sawa na kuondoka siniani na wali umebaki. Nasriya alipoulizwa, alijibu hivyo. Sababu ya pili hakumwambia mtu. Filamu ambayo haijaoshwa haijaharibika. Na mume ambaye hajaonekana hajafa. Hata kadhi alisema hivyo. Mtu aliyepotea, kadhi alimwambia mwaka ule wa 1964, husubiriwa miaka minne.

Nasriya alisubiri. Kamera aliitia ndani ya mtungi mkavu wenye mchele wa kunyonya unyevu, akaufukia mtungi nusu katika mchanga wa kando ya kisima, penye kivuli, maana joto la Maskati huivisha kila kitu, na hakuona kwa nini lisiivishe filamu.

"Wifi yangu," Kheiria alimwambia, "mume wa watu umemtia mtungini kama achari!"

"Afadhali achari, haiozi."

Shaikha, alipofika umri wa kuuliza, aliuliza akiwa amechuchumaa mbele ya mtungi.

"Mama, baba yumo humu?"

"Yumo."

"Haoni joto?"

"Anaona. Ndiyo maana tumemweka karibu na maji."

Mtoto aliridhika na jibu hilo kwa miaka kadhaa, na mara mojamoja alionekana akiumwagia mchanga ule kata ya maji, kwa kumhurumia.

Februari 1968, miaka minne ikiwa imetimia na siku za ziada, kadhi alihukumu kwamba Sleyum amekufa. Alisema kwa upole, na ilichukua muda mfupi kuliko kuandika hati ya kuuza punda. Kuanzia siku ile Nasriya alikuwa mjane, na mjane hukaa eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila manukato, bila hina, bila kuvuka mlango. Siku ya tatu ya eda alikwenda kisimani, akafukua mtungi, akapangusa mchele kwenye kamera. Kidirisha chekundu kilisema sita. Zilibaki picha saba.

Aliamua kuzimaliza kwa chozi, kama mwenye filamu alivyokusudia.

"Eda gani hii ya kuwinda ndege?" Kheiria alishika kiuno. "Majirani wakikuona wananiuliza mimi, si wewe! Jana mmoja kaniuliza, huyo wifi yako anafukuza nini kule nyuma? Nikamwambia nzi."

Harub aliombwa atoe kauli. Alivitazama vitabu jioni mbili nzima, kwa sababu hakuwa mtu wa kutoa jibu la kichwani. Alikuta marufuku ya wanja, udi, dhahabu na nguo za rangi. Chozi hakutajwa.

"Haikukatazwa," alisema. "Lakini usipige ukuta wa mji, wala mlango, wala askari. Picha za mambo hayo zina sharia yake."

"Ukuta wa mji nitauonea wapi, kaka, nami siruhusiwi kuvuka kizingiti?"

"Nnasema tu. Ili iwe imeshasemwa."

Kamera ile mtu aliishika tumboni na kuinamisha kichwa, na ndani ya kioo cha juu dunia ilionekana ndogo, safi, na imegeuzwa: kulia kulikuwa kushoto. Chozi akirukia mndimu, katika kioo alirukia kisima. Nasriya alimfuata upande usio wake, akabonyeza, na ya sita ikawa picha ya tawi. Ya saba ilikuwa mkia, pengine. Alikaa chini akacheka, kisha akalia, kisha akaingia ndani kuswali adhuhuri.

Baada ya hapo aliacha kuwafukuza. Aligundua jambo ambalo Sleyum, pamoja na magoti yake yote ya udongo, hakuligundua: chozi ana njia yake kama mtu wa kazi. Alianzia kwenye mishubiri, akaenda kwenye mkomamanga, akaning'inia kwenye ua la tatu kutoka chini, akajisifu kwa sauti juu ya kamba ya kisima, akaondoka. Na baada ya muda wa kuchemsha chai alirudi kwenye mshubiri uleule. Hakukuwa na haja ya kumkimbilia. Ilitosha kumtangulia. Nasriya alilenga ua, akapima kwa kanga, ncha moja kwenye ua na ncha ya pili kwenye kamera, kwa kuwa karibu zaidi ya kanga moja kioo kilitia ukungu. Akaketi hapo na nguo zake nyeupe, akanyamaza. Mwanamke wa eda ana sifa moja ambayo mpiga picha wa ndege huitafuta maisha yake yote: hatakiwi mahali pengine popote. Wiki ya pili chozi alimzoea. Wiki ya tatu alimdharau, akatua kwenye kidole cha mguu wake.

Mwezi wa Machi jike, ambaye ni wa kijivu na hana majivuno, alianza kujenga kwenye mndimu. Alileta nyuzi za nyasi na utando wa buibui, akafuma kimfuko kinachoning'inia kama pochi ya bibi harusi. Dume hakusaidia ila kwa kelele. Nasriya alipiga ya nane jike akiwa ndani, mdomo tu nje. Ya tisa ilikuwa dume kwenye ua la komamanga, na hiyo aliipata. Alijua ameipata kabla ya kidole kuinuka, na akageuka nyuma kumwambia mtu. Ya kumi hakumwambia Kheiria alivyoiharibu. Ya kumi na moja ilikuwa makinda mawili, midomo wazi, wakidai haki yao.

Iliyobaki moja ilikaa wiki tano.

"Mama, moja tu," Shaikha alisema. Alikuwa na miaka sita sasa, na alikuwa ameshapanga mahali pa kuitundika picha ya baba yake: ukutani, juu ya mto wake, chini kidogo ili amfikie. "Mpige yeyote. Hata kunguru."

"Kunguru hapigwi kwa filamu ya baba yako."

"Hutaki baba atoke," mtoto alisema.

Kesho yake asubuhi Nasriya alimvisha mtoto mkanda wa kamera shingoni, akaishikilia kwa chini, akamwonyesha dume juu ya kamba ya kisima. Akamwambia avute pumzi, aishike, kisha abonyeze. Shaikha alivuta pumzi nyingi kiasi cha kutosha kupiga mbizi, akabonyeza. Ikawa kumi na mbili.

Eda ilikwisha mwezi wa Juni. Nasriya alioga, akafungua kamera chumbani, dirisha limezibwa kwa blanketi, akaitoa filamu imejiviringa na karatasi yake, akalamba kibandiko akaifunga, akaitia kwenye kikopo, akakishonea ndani ya kitambaa cha marekani. Anwani ya muosha picha wa Bombay aliipata kwa Khoja mmoja muuza vitambaa wa Matrah. Asubuhi alimkabidhi kaka yake.

"Kaka, picha ya Sleyum imo humu. Nnaomba ifike."

"Itafika," Harub alisema. "Mimi mwenyewe nitaisimamia."

Nasriya alipumua. Alikuwa amekaa miezi mingi akihofia forodha, mpaka alipojikumbusha kwamba forodhani yuko ndugu yake. Kifurushi cha dada wa karani nani atakifungua?

Mchana Harub alirudi na furaha. Walikaa kwenye sinia, wali na samaki wa kukaanga.

"Mzigo wako umepanda meli," alisema. "Nimeukagua mwenyewe."

Tonge la Nasriya lilirudi siniani.

"Umeukagua vipi, kaka?"

"Nimeufungua wa kwanza, kabla ya ya watu wote. Aflah, mwenzangu wa meza ya pili, kaniambia, 'Huo si wa dada yako? Upitishe.' Nikamwambia, ewe Aflah, ndiyo maana naufungua. Tukianza kuwapitisha dada zetu, tangazo lile tulilibandika la nini? Mtu akija kusema Harub anapendelea, aone ni nani aliyefunguliwa mwanzo."

"Na kikopo?"

"Kikopo pia. Nikaikunjua yote mpaka mwisho, sikuacha hata upana wa kidole. Ile ofisi yetu giza, unaijua. Nikatoka nayo nje, juani, nipate kuona vizuri."

Kheiria alikuwa akimchambulia Shaikha miiba. Hakuinua kichwa.

"Ukaona nini?" Nasriya aliuliza.

"Hamna kitu! Kijivu kitupu. Nikamwonyesha Aflah: tazama, hakuna ukuta, hakuna mlango, hakuna askari. Picha zenyewe bado hazijatoka, zinatolewa Bombay, si ndivyo? Nikaipangusa vumbi kwa kitambaa safi, nikaiviringa kama ilivyokuwa. Hata wewe usingejua. Na kitambaa nikakishona upya kwa mkono wangu."

Nasriya alivitazama vidole vya kaka yake. Kwenye kidole gumba palikuwa na alama mbili nyekundu za sindano.

Mtu huyu, mwaka 1964, alisimama bandarini siku tatu na karatasi mkononi, akiwaambia kila ofisa aliyepita kwamba dada yake yumo katika chombo kile na kwamba yeye anamdhamini kwa kazi yake na kwa shingo yake. Aliwapa chumba chake. Alimfundisha Shaikha alifu na be. Angeambiwa leo alichofanya, asingepiga kelele. Angekwenda ofisini akaandika ripoti ya kujishitaki mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, nakala tatu, na baada ya hapo asingeweza kumtazama mtoto usoni mpaka kufa kwake.

"Ahsante, kaka," Nasriya alisema. "Umejisumbua."

"Si taabu. Wewe ni dada yangu."

Alilichukua lile tonge tena, akalila.

Miezi mitatu aliomba Mungu kitu ambacho alijua hakiombwi, kwa kuwa kilikuwa kimeshapita. Septemba ikaja bahasha. Harub aliifungua mbele yao wote, akasoma barua kwa Kiingereza, midomo ikicheza, kisha uso wake ukabadilika.

"Wanasema filamu iliona mwanga kabla ya kuwafikia. Hakuna picha iliyotoka. Wanasikitika." Aliitupa barua. "Wanasikitika! Wameiharibu wenyewe, kisha wanasingizia mwanga. Mwanga gani? Imetoka hapa imeshonwa, nimeishona mimi! Hao wanafunguafungua vitu vya watu hovyo. Hapa kwetu jambo kama hili lingewezekana?"

"Lisingewezekana, kaka," Nasriya alisema.

"Nitawaandikia."

Aliwaandikia, kurasa mbili. Barua ilikuwa nzuri sana, na Bombay hawakuijibu.

Pamoja na barua ile ilikuwamo filamu yenyewe, imeoshwa, imekatwa vipande vinne, nyeusi tititi. Nasriya aliipeleka kiwanjani akaiinua juani, maana sasa haikuwa na cha kuogopa. Shaikha alisimama chini ya mkono wake.

"Baba yuko wapi hapa?"

Nasriya alihesabu kwa kidole kutoka mwanzo: chozi, chozi, chozi, chozi.

"Hapa."

"Mbona peusi?"

"Ndivyo walivyomwosha."

Mtoto alikazia macho muda mrefu, jicho moja limefumbwa, uso umekunjamana kwa jua. Nasriya alingojea kilio, na alikuwa amekwisha kujitayarisha.

"Nimemwona," Shaikha alisema. "Yuko kwa ndani sana."

Alikiomba kipande kile. Alikitundika mwenyewe juu ya mto wake, pale alipokuwa amepapanga. Kamera iliuzwa kwa yule Khoja, naye akampa Nasriya badala yake kitambaa cha nguo za Idi. Chozi walirudi Machi iliyofuata na nyingine baada yake, wakajenga kwenye mndimu uleule, na Nasriya, akiwa na ndoo mkononi, alisimama kila mara umbali wa kanga moja.

Mwaka 1970, kama kila mtu ajuavyo, sultani mpya alishika utawala na nchi ilifunguka. Watu walirudi kutoka kila upande, redio zikalia madirishani, na kabla ya mwaka kwisha wasichana wa Maskati wakapata shule. Shaikha, mwenye miaka minane na alifu na be za mjomba wake, aliwekwa darasa la mbele. Wiki ya pili mwalimu aliwagawia karatasi na penseli za rangi, akawaambia kila mmoja achore watu wa nyumbani kwao.

Picha ya Shaikha ilisifiwa darasani, ikaletwa nyumbani, ikapita mkono kwa mkono. Mama yake alikuwa na kanga. Kheiria alikuwa mnene, akalalamika. Harub alikuwa na ndevu, kilemba na kalamu. Baba alisimama mwisho wa mstari, na mwalimu alikuwa ameandika chini yake jina lake, Sleyum, ili lisikosewe. Alikuwa mtu mzuri, amesimama wima, ana ndevu ndefu nyeusi na kilemba cha rangi.

"Umepatia," Nasriya alimwambia mwanawe.

Sleyum alikuwa akinyoa ndevu kila asubuhi, na kilemba hakupata kukifunga maisha yake.